Watani wa Mfalme

Vijana wa idara, mliniaga kwa keki na saa ya ukutani. Saa yenyewe inachelewa dakika tano, lakini mwanahistoria hana haki ya kulalamikia jambo kama hilo. Siku ile mliniuliza, tena mkicheka, ilikuwaje mtu wa Newala akaishia kusoma siasa za wafalme wa China. Nimepata nafasi sasa, kwa hiyo nitajibu kwa utaratibu. Vyeo na mishahara vimo kwenye faili langu. Mwenye hamu navyo akaombe kibali.

Wengi wenu mnadhani kazi yangu ilianzia Beijing. Ilianzia bomani Newala, kwenye meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi uliotegemezwa kwa kipande cha tofali. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni kule Masasi, nina mwandiko mzuri na suruali moja ya heshima. Uhuru ulikuwa bado mchanga na ofisi zilikuwa na njaa ya watu wanaojua kuandika. Ng'ambo ya Ruvuma Wareno walikuwa wakipigana na wenye nchi yao, na upepo ukitoka kusini tulisikia mizinga huku tunagonga mihuri. Mtu huzoea. Ukisikia mshindo unanyanyua kalamu, unasubiri kidogo, kisha unaendelea na sentensi yako.

Mwalimu wangu wa kwanza wa historia, ingawa mwenyewe hakujua kama ananifundisha historia, alikuwa karani mkuu, Mzee Komba, Mngoni wa Songea. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye kikao cha wazee niandike muhtasari. Nikamletea ukurasa safi, mistari imenyooka, mwishoni nimeandika kwamba wananchi walifurahi na kuafiki.

"Nani alifurahi?" akauliza.

"Wote, mzee."

"Wote walisemaje?"

Akaichana ile karatasi polepole, bila hasira, akaweka vipande kwenye kapu. "Karani hana maoni, mwanangu. Ana masikio na mkono. Kaandike walichosema." Nimefundisha mbinu za utafiti karibu maisha yangu yote, na nawaambia ukweli, sijapata kuongeza kitu cha maana juu ya hapo.

Mzee Komba ndiye pia aliyenionyesha kwamba utani ni chombo cha kazi. Wenzangu mliotoka mikoa mingine nawaeleza: zamani Wangoni waliwashambulia watu wa kusini wakateka watu na mifugo. Vita vikaisha, vikabaki utani. Mngoni na Mmakonde wakikutana wanatukanana, wananyang'anyana kofia, hata msibani, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyekosa adabu.

Mjomba wangu Athumani alikuwa mkulima wa Mkunya, mikorosho na mihogo. Kwetu Wamakonde mjomba, ndugu wa mama, ndiye mwenye mtoto. Baba ni mgeni mwenye heshima zake. Mjomba ndiye aliyenipeleka shule na ndiye niliyemwogopa. Alikuwa akifika bomani anaingia bila hodi na kukalia kiti cha Mzee Komba.

"Toka hapo, mateka," Mzee Komba anamwambia.

"Sitoki. Babu yako alichukua mbuzi wetu, mie nachukua kiti."

Wakishacheka, Mjomba ndipo anasema kilichomleta: lori la korosho limekanyaga mihogo ya watu, dereva ni wa serikali, na mkubwa wenu anajua na amenyamaza. Maneno hayo angeyasema mkulima mwingine yangeitwa ukorofi. Mzee Komba anamaliza kucheka, anavuta karatasi na kuandika. Nilikuwa kijana, nikajifunza kwamba hiyo ndiyo njia ya mtu mdogo kumwambia mkubwa ukweli kisha akarudi kwake akala ugali.

Mzee Komba akastaafu, akarudi Songea. Ndipo kikaja kipindi cha kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wametawanyika porini, kila mmoja na mikorosho yake, walitakiwa wakae pamoja wapate shule, zahanati na maji. Na kwa sisi wa mpakani, ulinzi pia. Mambo hayo yote yalikuwa kweli kwenye karatasi, na baadhi yake yakaja kuwa kweli hata juu ya ardhi. Ila uwanda wetu hauna mto wala chemchemi. Mvua inanyesha, mchanga unainywa. Kila mji ulikuwa na shimo la kukingia maji ya mvua, na likikauka, wanawake wanateremka bondeni, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, ndoo kichwani na mteremko nyuma yao.

Watu wa Mkunya upande wa Mjomba walipangiwa mahali ambapo bomba la maji halikufika hata kwa mbali. Palichaguliwa, kwa nilivyoelewa mimi, kwa kuwa palikuwa tambarare na lori lingeweza kugeuza.

Afisa wa kusimamia kazi hiyo alikuja kwa uhamisho. Simtaji jina, maana watoto wake ni watu wazima, na mmoja nilimfundisha, kijana mzuri sana. Barua yake ya uhamisho niliipokea mimi mwenyewe, nikaisoma: anatoka Songea. Jumamosi Mjomba akaniuliza, "Mpwa wangu, huyo bwana wenu mpya mtu wa wapi?"

"Wa Songea, Mjomba."

Akapiga makofi. "Alaa! Mtani! Basi tutasema."

Siku ya mkutano wa Mkunya nilipanda Land Rover pamoja na afisa, mafaili mapajani. Njiani akaniuliza kama Newala sato wanapatikana. Nikamwambia hapana, huku tuna samaki wakavu wa pwani. Akasikitika. Akasema kwao, Ziwa Victoria, hukosi sato hata nyumba ya maskini, na Songea alipofanya kazi miaka miwili jambo lililomkondesha ni hilo.

Yule bwana hakuwa Mngoni. Songea alipita tu, kama mzigo unavyopita bohari. Mtu wa Ziwa na Mmakonde hawana utani wowote, na tusi lisilo na utani ni tusi.

Tulipofika, Mjomba alikuwa amekaa mstari wa mbele. Afisa akawapa wazee mkono mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, kwa adabu zote. Nami nikapita mbele ya Mjomba nikiwa nimebeba kiti cha bwana, karibu kiasi cha kumgusa bega. Maneno matatu ya Chimakonde yangetosha. Sikuyasema. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na nimeshika mafaili ya mkubwa, na mtu wa namna hiyo huona haya kuinama anong'one na mkulima. Niwe mkweli: nilimwonea haya Mjomba wangu. Nimekaa na aibu hiyo muda mrefu kuliko nilivyokaa na shahada yoyote.

Afisa akaeleza mpango, vizuri tu, kwa Kiswahili kizuri. Akauliza kama kuna swali. Mjomba akasimama, akakung'uta kanzu.

"Wewe Mngoni," akaanza, na watu wakacheka papo hapo kwa kuwa walijua utamu unakuja. "Babu zako walikuja hapa kututeka, walichukua mmoja mmoja. Wewe umekuja na gari unatuteka kijiji kizima. Haya, hatukatai, ndio kazi yenu. Lakini babu zako walikuwa na adabu bwana! Waliteka mtu wakampeleka kwenye mito. Wewe unatuteka unatupeleka pakavu. Huko unakotupeleka, wake zetu watachota nini? Mchanga?"

Watu walicheka hadi wengine wakainuka. Afisa hakucheka. Akageuka kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Umeandika?" Nikasema ndiyo. Mjomba aliondoka Mkunya akiwa nyuma ya ile ile Land Rover, amekaa kati ya askari wawili wa mgambo, na mimi mbele na mafaili yangu.

Alasiri hiyo hiyo nikaandika muhtasari. Niliuandika kwa hofu, na nilipoumaliza nilijiona nimetumia busara. Mjomba akawekwa ndani kwa kuvuruga kazi ya serikali, akakaa msimu mzima wa kilimo. Alipotoka, mashavu yamebonyea, kijiji kilikuwa kimeshahamia pale kwenye tambarare. Mkewe, Mama Asha, alishajiunga na wenzake kuteremka bondeni. Ilikuwa imesemwa kwamba huko chini kuna mabomu yaliyotegwa njiani kwa sababu ya vita, basi wanawake walikwenda kwa mstari, kila mmoja akikanyaga wayo wa aliyetangulia. Sikumwambia Mjomba kwamba neno "Songea" ndilo lililomponza, na lilitoka kinywani kwangu. Naye hakuniuliza.

Kichina nilikianza kwa bahati. Madaktari wa Kichina walikuja hospitali yetu na mkalimani aliyejifunza Kiswahili bila kumwona Mswahili. Alisema "naomba radhi" kabla ya kila kitu, hata kabla ya kusema habari za asubuhi. Mimi nikapewa kazi ya kumsaidia kwa wagonjwa wasiojua ila Chimakonde. Dalili za ugonjwa zilipita kwangu, kisha kwake, kisha kwa daktari, na dawa ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Mungu aliwaponya wengi. Siku moja yule mkalimani aliniandikia kwa brashi neno "karani". Akasema katika China ya wafalme hakimu wa wilaya hakuruhusiwa kufanya kazi mkoani kwao, alikuwa mgeni siku zote, hajui hata lugha ya watu. Makarani ndio waliokuwa wenyeji. Wananchi walimwogopa hakimu lakini waliochukiwa walikuwa makarani. Nikaitazama ile alama ya wino usiku kucha, nadhani, ingawa mke wangu anasema nililala vizuri tu.

Nafasi za masomo zilipotangazwa nikaomba. Sitaeleza baridi ya Beijing. Kila aliyesoma huko keshaieleza, na inazidi kila inaposimuliwa. Nitaeleza vifaa. Kwenye kamusi ya Kichina hutafuti neno kwa a-be-che, unahesabu mistari ya neno moja moja, na ukikosea mstari mmoja umepotea. Mwaka wa kwanza nilisoma ukurasa kwa siku mbili. Kadi zangu niliziweka kwenye maboksi ya viatu, na kwenye hifadhi ya nyaraka kalamu ya wino ilikatazwa: penseli tu, mikono misafi. Ripoti za zamani nyingi zina maandishi ya mfalme mwenyewe pembeni, kwa wino mwekundu, na mara nyingi ni neno la kusema tu kwamba amejua. Ameelezwa njaa, mafuriko, daraja lililobomoka. Amejua. Nilicheka peke yangu mle ndani hadi nikatazamwa, maana mafaili yetu ya boma nayo yamejaa "Nimeona".

Mada niliyochagua kwa udaktari ilikuwa maafisa wa kukanya. Katika serikali zile kulikuwa na watu ambao kazi yao rasmi ni kumwandikia mfalme kwamba amekosea. Tasnifu yangu ya kwanza, ambayo hamkuiona na hamtaiona, ilisema kwamba hawa walikuwa watani wa mfalme: watu waliopewa ruhusa ya kusema, ili ukweli upite na nyumba isianguke. Kurasa nyingi, tanbihi nyingi. Niliipenda sana.

Msimamizi wangu, Profesa Lu, alikuwa mzee mfupi aliyekuwa na desturi ya kuchemsha maji mara tatu kabla ya kutoa maoni. Akanifanya nimweleze utani tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza, "Hao watani wenu, mzaha ukizidi, wanafanywa nini?"

"Hawafanywi kitu, Mwalimu. Hiyo ndiyo maana ya utani."

"Wangu walipigwa," akasema. Na ni kweli. Wakati wa nasaba ya Ming baadhi yao walichapwa fimbo hadharani kwenye lango la ikulu, wengine wakafia hapo. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwenye tanbihi, kwa maandishi madogo. "Walijua fimbo ziko wapi na wakaenda. Mfalme hasikii, nao wanajua hasikii. Jiulize basi walikuwa wanazungumza na nani."

Sura ya watani wa mfalme niliifuta yote. Iliyokuja mahali pake ni sura ya makarani na waandishi wa kumbukumbu za kikao, watu waliokaa pembeni na brashi. Ndiyo mnayoisoma mpaka leo na kila mwaka mwanafunzi mmoja huniuliza wazo lilitoka wapi. Huwa nasema, nyarakani. Si kweli. Lilitoka Mkunya, likizo iliyofuata swali la Profesa Lu.

Nilikwenda kumsalimu Mjomba. Macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini mikono ilikuwa bado na nguvu. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, Mchina wangu." Mama Asha alikuwa hapo uani anamenya mihogo. Nikaona nisipolisema siku hiyo sitalisema tena.

"Mjomba, yule bwana wa mkutano hakuwa Mngoni. Mimi ndiye niliyekuambia Songea. Nilikuja kujua njiani, nikapita mbele yako, sikukwambia."

"Nlijua si Mngoni."

"Ulijuaje?"

"Alinipa mkono akanisalimia vizuri. Mngoni gani anamsalimia Mmakonde vizuri?"

Miaka yote ile nilikuwa nimebeba mzigo ambao haukuwa na kitu ndani, au ndivyo nilivyodhani kwa dakika moja. Nikamuuliza kwa nini basi alisimama.

"Pale alikuwa anaandika nani?"

"Mimi."

"Basi. Mie nlikuwa nasema na wewe. Yule bwana masikio yake yalijaa amri aliyopewa, lisingeingia neno. Nkasema, mpwa wangu anaandika, amefundishwa na yule mtani wangu Komba aandike mtu alichosema. Karatasi itakwenda Mtwara, itakwenda Dar es Salaam. Huko hakukosi mtu mmoja mwenye akili atauliza, hawa maji watachota wapi? Nkaona kukaa ndani msimu mmoja si kitu." Akageuza uso kunitafuta. "Uliandika?"

Nikasema ni zamani, nitakwenda bomani nikalitafute faili. Daktari mtarajiwa wa historia, mbele ya shahidi aliye hai, akakimbilia nyaraka.

Kesho yake nikalipata, stoo, chini ya mafaili yaliyoliwa na mchwa. Lenyewe halikuguswa. Nikanakili kwa penseli, kwa mazoea tu, hakuna aliyenikataza kalamu. Jioni haijafika nikarudi Mkunya, nikakaa mbele yake kwenye mkeka, nikamsomea.

"'Mzee mmoja alitoa maneno ya mzaha. Baada ya hapo wananchi waliafiki.'"

Akasubiri. "Endelea."

"Imeishia hapo, Mjomba."

"Na maji?"

"Hayamo." Nikamweleza kwamba niliogopa. Niliona nikiyaandika maneno yake yote, yale ya kutekwa, watamfunga miaka. Nikayapunguza ili nimwokoe. Nilikuwa nalia, mtu mzima mwenye mke na watoto. Hakunigombeza. Alitikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu. Kisha akageukia upande wa mkewe.

"Mama Asha, umesikia? Maji hayamo."

Mama Asha hakuinua macho kwenye mihogo yake.

"Nlijua," akasema. "Yangekuwamo, ningeyaona kwenye ndoo."